Volti Ngapi kwa Mashine ya Mtumbwi?

Mwezi huu mtuvumilie, maana hatutaanza na homa ya mtoto wala uji wa lishe. Tutazungumza juu ya mashine ya umeme ya mtumbwi. Baadhi yenu mtacheka: Dodoma na mtumbwi wapi na wapi? Kwetu mvua ni za msimu mmoja tu, na mwezi wa Septemba hata mbuzi wanajua shida ya maji.

Lakini tusisahau Bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, ambapo Mto Ruaha Mkuu umezuiwa. Kituo chake cha megawati 80 kilianza kutoa umeme mwaka 1988. Perege na kambale wa Mtera tunawanunua sokoni hapa mjini. Iko pia Hombolo, na liko Bahi maji yanapojaa. Nyuma ya kila ndoo ya samaki kuna nyumba, kuna baba aliyelala majini na mama anayehesabu shilingi.

Mama mmoja kutoka upande wa Mtera ametuuliza swali, nasi tumeona linawahusu wengi. Mumewe amechoka na gharama ya petroli na anataka mashine ya umeme yenye betri za kuchajiwa kwa jua. Muuzaji mmoja anasema ya volti 12 inatosha, tena ni rahisi. Fundi anasema wasikubali chini ya 24. Shemeji anasema kama ni kununua, wanunue ya 48 wamalize kazi. Mama huyo anasema, “Fedha zinatoka kwenye kikundi chetu cha akina mama, na sahihi ya mkopo ni yangu. Nifanyeje?”

Dada yetu, umeuliza vizuri. Mkopo una sahihi yako, na majini yuko mume wako. Yote mawili yanategemea namba hiyo ya volti. Hebu tuelewane polepole, kwa lugha ya jikoni.

VOLTI NI NINI?

Jina hili linatokana na Mwitaliano Alessandro Volta, aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Na mtumbwi wa umeme si kitu cha jana. Mwaka 1838 Moritz von Jacobi aliendesha mashua kwa betri katika Mto Neva, kule St Petersburg, Urusi. Mwaka 1881 Gustave Trouvé aliendesha ya kwake katika Mto Seine, Paris, kwa mota iliyofungwa nyuma kama hizi tunazoziona leo. Jirani zetu wa Kenya, kule Mbita katika Ziwa Victoria, nao wamezitumia mashine za umeme kwa uvuvi. Kwa hiyo baba akizungumzia jambo hili asionekane kama anaota ndoto.

Sasa fikirini tenki la maji lililo juu ya mnara. Tenki likiinuliwa juu zaidi, maji yanashuka kwa nguvu zaidi. Msukumo huo ndio volti. Wingi wa maji yanayopita katika bomba kwa wakati mmoja ndio ampea. Na kazi inayofanyika, kama vile kuzungusha gurudumu, ndiyo wati. Hesabu yake ni rahisi: volti mara ampea ni wati.

Tuseme mashine inahitaji wati 600. Ikiwa ni ya volti 12, lazima zipite ampea 50. Ikiwa ni ya volti 24, zinapita ampea 25 tu. Ikiwa ni ya volti 48, ni ampea 12 na nusu. Kazi ni ileile, ila umeme unaopita kwenye waya unapungua kila volti zinapopanda.

Kwa nini tujali? Kwa sababu ampea ndizo zinazopasha waya moto. Tena joto haliongezeki kwa kadiri ileile: ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Chukueni waya wa shaba wa milimita 4, kutoka kwenye betri mpaka kwenye mota umbali wa mita 3, yaani mita 6 kwenda na kurudi. Kwa ampea 50, waya huo unapoteza zaidi ya volti moja njiani, na wati zipatazo 64 zinageuka kuwa joto. Kwa ampea 25 zinapotea wati 16 tu. Wati 64 za joto ndani ya waya uliolala juu ya mbao, nyavu na madumu si jambo la kuchezea. Waya wa namna hiyo kwa mashine ya volti 12 unaweza kupata joto kali, plastiki yake ikalainika, na moto unaweza kuanza mkiwa katikati ya maji. Kazi hiyo inataka waya mnene zaidi, na waya mnene una bei yake. Hapo ndipo “rahisi” ya muuzaji inapoanza kuwa ghali.

KWANZA PIMENI MZIGO

Watu wengi huanza na swali la volti. Sisi tunasema anzeni na swali la uzito, kama vile sisi wauguzi tunavyompima mtoto kabla ya kumpa dawa. Kipimo cha dawa kinafuata kilo za mtoto, na nguvu ya mashine inafuata kilo za mtumbwi.

Jumlisheni hivi: mtumbwi wa mbao, tuseme kilo 250. Wavuvi wawili, kilo 140. Nyavu, barafu na samaki wa kurudi nao, kilo 150. Betri mbili za risasi za ampea-saa 100, karibu kilo 60. Jumla ni kilo 600.

Kanuni inayotumika kwa mashine hizi ndogo ni kugawa uzito huo kwa 50. Hapo mnapata kilo 12 za msukumo. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, kwa maji yaliyotulia. Penye upepo inafaa kuongeza, hata mara mbili. Na nani asiyejua upepo wa kwetu? Asubuhi bwawa limelala kama kioo, mchana linachafuka. Basi mtumbwi huu uhesabiwe msukumo wa kilo 24.

Mashine nyingi huandikwa msukumo wake kwa ratili. Zile kubwa za volti 12 huishia kwenye ratili 55 hivi, yaani kilo 25. Za volti 24 zinafika ratili 80, yaani kilo 36. Za volti 36 zinafika ratili 112, yaani kilo 51. Juu ya hapo tunaingia kwenye volti 48, ambako mashine nyingi huandikwa kwa wati badala ya ratili.

Mmeona sasa? Mtumbwi wetu wa kilo 600 unaweza kusukumwa na mashine ya volti 12, lakini siku ya upepo mashine hiyo itakuwa inafanya kazi mpaka mwisho wa uwezo wake. Punda anayepandishwa mlima na mzigo wa mwisho wa nguvu zake kila siku hadumu.

12, 24 AU 48?

Volti 12 inafaa mtumbwi mdogo, mtu mmoja au wawili, safari fupi, maji yaliyotulia. Kwa bwawa dogo kama Hombolo, mtu anayetega nyavu karibu na ukingo hahitaji zaidi. Faida yake ni kwamba betri ni moja, fundi wa kuijua yuko kila mahali, na hata taa ya volti 12 inawaka moja kwa moja.

Volti 24 inafaa mtumbwi wa kazi kama huu wa Mtera: watu wawili, mzigo, upepo wa mchana. Ampea zinapungua nusu, waya haupati joto sana, na mashine inabaki na nguvu ya akiba.

Volti 48 inafaa chombo kikubwa chenye mashine ya wati elfu kadhaa. Anayetaka kuondoa injini ya petroli ya nguvu farasi 15 apige hesabu kwanza. Nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo 15 ni zaidi ya wati 11,000. Kwa volti 12 zingehitajika ampea zaidi ya 900, jambo lisilowezekana mtumbwini. Hata kwa volti 48 zinahitajika ampea 230 hivi, na betri zake zinaweza kuwa ghali kuliko mtumbwi wenyewe. Kwa kazi hiyo petroli bado ina nafasi yake, na si aibu kulisema.

KUUNGANISHA BETRI

Betri mbili za volti 12 zikiunganishwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, zinatoa volti 24. Ampea-saa zinabaki zilezile. Zikiunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinabaki volti 12, lakini ampea-saa zinajumlishwa. Katika njia zote mbili akiba ya umeme ni sawa.

Kuna mambo manne ya kushika:

1. Betri zote ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Ukichanganya mpya na nzee, ile nzee itaivuta mpya chini.

2. Usiunganishe betri za volti 24 kwenye mota ya volti 12. Itazunguka kwa kasi, itafurahisha macho, kisha itaungua. Na mota ya 24 ikipewa 12 itakuwa dhaifu, haitakufikisha.

3. Usivute taa ya volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili zilizofungwa mfululizo. Betri hiyo itachoka kabla ya mwenzake, na zote mbili zitaharibika. Tumieni kifaa cha kushusha volti.

4. Fyuzi iwe karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri. Mtera ina miti mingi mikavu iliyosimama majini na visiki visivyoonekana. Pangaboi likinasa kwenye kisiki au nyavu, ampea zinapanda ghafla. Fyuzi ikikatika mnabadilisha. Pasipo fyuzi, mota inaungua au waya unashika moto.

SAFARI NI YA MUDA GANI?

Betri mbili za risasi za ampea-saa 100, zikifungwa kwa volti 24, zina wati-saa 2,400. Lakini betri za risasi hazipendi kushushwa chini ya nusu. Basi hesabuni 1,200 tu. Mashine ya ratili 80 ikisukumwa mpaka mwisho inakula ampea zipatazo 56, na hapo hamfikishi hata saa moja. Ikiendeshwa taratibu kwa ampea 20, mnapata kama saa mbili na nusu. Mwendo ndio unaokula betri: kupunguza kasi kidogo kunaokoa umeme mwingi. Mvuvi aliyezoea kukimbiza injini ya petroli itambidi ajifunze mwendo mpya.

Betri za lithiamu zenye ampea-saa na volti hizohizo zinaweza kutumika hadi asilimia 80 bila kudhurika, na uzito wake haufiki nusu ya za risasi. Bei yake ni kubwa, lakini mkikokotoa kwa miaka, mara nyingi zinajilipa. Kila aina lazima iwe na chaja yake.

Betri ya gari isitumike kwa kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiishusha kila siku itakufa mapema.

Kurudisha zile wati-saa 1,200 kwenye betri za risasi kunahitaji kama 1,500 kutoka kwenye paneli. Kwetu jua zuri linafika kama masaa matano kwa siku, lakini vumbi, joto na waya hupunguza robo hivi. Paneli za wati 400 zinatosha kwa siku njema. Na paneli nazo ziendane na volti za betri: betri za volti 24 hazijai kwa paneli moja ndogo iliyotengenezwa kwa volti 12. Zifutwe vumbi, hasa kiangazi.

Nunueni pia kipimo kidogo cha volti. Betri za risasi za mfumo wa 24 zikiwa zimejaa na kupumzika zinaonyesha volti 25.4 hivi. Zikionyesha 24.2, nusu imekwisha. Kusoma namba hizo kunahitaji macho tu, na mama anaweza kuzisoma kabla baba hajaondoka.

UTUNZAJI NYUMBANI

Hapa sasa tuko kwenye kazi yetu wauguzi. Mashine itakaa majini, lakini betri zitalala nyumbani, penye watoto.

Betri za risasi zinapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Zichajiwe mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa, kibatari na sigara. Zisichajiwe chumba cha kulala. Za lithiamu nazo zisichajiwe wanapolala watu, wala zisifunguliwe na fundi wa kubahatisha.

Ndani ya betri za risasi mna asidi. Ikimwagika kwenye ngozi, oshea maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20, ukivua nguo iliyolowa. Ikiingia jichoni, fanya hivyohivyo huku jicho limefunguliwa, kisha mpeleke mgonjwa hospitali mara moja. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Maji ya betri na asidi visiwekwe kwenye chupa za soda, maana mtoto hachagui. Hata petroli tunayoiacha ina hatari hiyo. Mtoto akinywa petroli au asidi, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya.

Betri iliyokufa isivunjwe uani. Risasi iliyomo ni sumu, na inadhuru akili za watoto hata kwa kiasi kidogo. Irudishwe kwa wanunuzi wa betri chakavu.

Na juu ya umeme wenyewe: volti 12 na 24 kwa kawaida hazimpigi mtu mwenye mikono mikavu. Volti 48 zikijaa zinakaribia 57, na ngozi iliyolowa inapitisha umeme kwa urahisi zaidi, kwa hiyo hapo tahadhari iongezwe. Lakini hata volti 12 zinaunguza. Spana au pete ya ndoa ikigusa chanya na hasi kwa pamoja, chuma kinakuwa chekundu mara moja. Tunawaomba akina baba na akina mama wavue pete na saa kabla ya kugusa betri. Ndoa haivunjiki kwa kuvua pete dakika kumi.

JIBU LETU

Kwa hiyo, dada yetu wa Mtera, kama mtumbwi wenu ukiwa na mzigo wake unakaribia kilo 600, na mumeo huvuka sehemu yenye upepo, sisi tungechagua volti 24. Ya 12 itafanya kazi kwa kuumia, na ya 48 itakula mkopo bila sababu. Lakini kama umbali wa kwenda na kurudi unazidi saa mbili na nusu za mwendo wa taratibu, basi betri mbili za risasi hazitoshi, hata volti zikiwa sahihi. Hapo ongezeni akiba, au subirini.

Kabla hujaweka sahihi, kaa na baba watoto mwandike kwenye daftari: uzito wa chombo na mzigo, umbali wa safari, petroli ya mwezi mmoja kwa shilingi, na bei ya kila kitu: mashine, betri, paneli, kifaa cha kudhibiti chaji, waya mnene na fyuzi. Wauzaji wengi hutaja bei ya mashine peke yake. Muulizeni muuzaji: Msukumo wake ni kilo ngapi? Inakula ampea ngapi ikiwa kwenye nguvu ya mwisho? Waya wa milimita ngapi unatakiwa? Dhamana ni ya muda gani, na vipuri vinapatikana wapi? Asiyejibu maswali haya msimpe fedha za kikundi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisha zungumzeni bila kugombana. Unaweza kumwambia, “Baba watoto, sikatai mashine. Ninachotaka ni urudi jioni.” Mwanamume mwenye busara atasikia maneno hayo.

Na hata mkinunua mashine bora kuliko zote, makasia yasitoke mtumbwini. Mtera kuna viboko na mamba, na chombo kilichozima jioni hakina pa kukimbilia. Kila anayepanda avae jaketi okozi. Betri inaweza kwisha, fyuzi inaweza kukatika, lakini kasia halihitaji volti hata moja.

Tunawatakia amani nyumbani, na nyavu zenye kujaa. Mungu akipenda tuonane mwezi ujao.